Nukta ya Fundi Siraji

Nambozo, binti anayekalia sasa meza yangu katika ofisi ya kumbukumbu ya gereza, hapa Mbale, aliniomba siku ya kuniaga nimwandikie namna ninavyopanga daftari langu dogo. Alisema ameona kwenye simu watu wakiuza madaftari yenye vitone na kalamu za rangi, wakidai ni uvumbuzi mpya wa kupanga maisha. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mimi nimekuwa na daftari la aina hiyo tangu nilipoanza kazi Jinja, na kalamu yangu ilikuwa ya rangi moja, tena mara nyingi ya kuazima. Basi nimekaa kuandika maelekezo. Ila niseme mapema kwamba mwezi uliopita daftari hilo lilinivuruga akili, na sina hakika kama bado nastahili kumfundisha mtu. Mtaamua wenyewe.

Niliripoti kazini Jinja nikiwa kijana kutoka Teso, viatu vipya vikinibana, Kiswahili changu kikiwa cha kubahatisha. Niliwekwa mapokezi, chini ya Sajini Wandera, mtu mfupi wa kabila la Wasamia ambaye nywele zake zilikuwa zimebaki kuzunguka masikio tu. Siku ile niliagizwa mambo matano. Jioni aliniita.

"Opolot, mfungwa ya selo ya tatu alipata blanketi?"

"Nimesahau, afande."

"Leo blanketi. Kesho utasahau kufunga mlango." Akavuta droo, akatoa daftari la shule la kurasa themanini, lile lenye pini mbili katikati. "Kichwa yako si stoo. Andika."

Mafunzo yake yalichukua muda wa kikombe kimoja cha chai, na sijayabadilisha hadi leo. Kabla ya kuandika neno lolote, unatia namba kurasa zote themanini, pembeni, kila namba ndani ya duara. Kurasa mbili za mwanzo unaziacha kwa ajili ya yaliyomo. Kila siku unaandika tarehe, halafu mambo ya kufanya, kila jambo mstari wake, maneno machache, na nukta mbele yake. Jambo likifanyika, unachora msalaba juu ya nukta. Lisipofanyika, unachora mshale na kulinakili kesho yake. Kitu ambacho si cha kufanya bali cha kujua tu, kinawekewa kistari. Mwisho wa mwezi unakaa chini na kusoma nukta zote zilizo wazi, ukianzia nyuma kuja mbele, kwa sababu za karibuni ndizo zinazouma. Zenye uhai unazihamisha, zilizokufa unazikata. Jambo lenye maelezo marefu linapewa ukurasa wake peke yake, na namba ya ukurasa huo unaiandika kwenye yaliyomo. Ukihamishwa kituo, unaanza daftari jipya.

Mwisho akanishika mkono, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Na usichane karatasi. Hata moja. Ukichana hii ya huku, ile ya huku naanguka." Akalifungua daftari katikati akanionyesha jinsi karatasi zilivyokunjwa mbilimbili na kushikwa na pini, kila moja ikiwa na mwenzake upande wa pili. Nilidhani ni ubahili wa mzee aliyezoea kuomba karatasi serikalini. Nikaitikia, "Ndiyo, afande," kama mtu anavyoitikia asichokisikiliza.

Mkuu wa gereza aliwahi kuniuliza naandika nini kila saa. Nikamwambia ni mambo ya mke wangu. Sikuwa na mke.

Rejista kubwa ya wafungwa, pale mapokezi, ni ya serikali. Mtu haingii humo bila hati ya mahakama na namba ya kesi. Lakini miaka ile ya utawala wa wanajeshi walianza kuletwa watu wasio na chochote mkononi. Gari lilisimama langoni, mtu akashushwa, nasi tukaulizwa kwa nini tunachelewa kufungua. Mjini, watu wengi wa Jinja waliposikia Kiswahili barabarani waliinamisha macho, kwani kilikuwa kimekuja kwao na bunduki. Mimi nilikuwa nacho kazini, na siku nyingine nilitamani nisikielewe.

Siraji aliletwa asubuhi, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa mjini pale pale, mwembamba, nyuzi zimemganda kwenye mikono ya shati. Kosa lake lilikuwa suruali aliyomshonea mteja kwa kitambaa kilichofanana mno na cha jeshi.

"Andika hii mtu," akasema askari aliyemleta.

"Karatasi yake iko wapi, afande?"

"Karatasi ni mimi."

Nilimtazama Sajini Wandera. Alingoja gari liondoke, akaninong'oneza: "Kitabu kubwa hapana. Andika yeye kwa ile yako ndogo. Kama hata wewe huandiki, huyu mtu hayupo."

Nikampa Siraji ukurasa wa arobaini na moja. Upo katikati kabisa ya daftari, penye pini, na daftari hufunguka lenyewe hapo. Nikaandika: Uliza, Siraji fundi. Nukta mbele. Kila mwezi nilimwuliza mkuu wa gereza habari ya mtu huyo, na kila mwezi nikaambiwa nishughulike na mablanketi. Nikachora mshale, nikaandika tena chini yake.

Mkewe, Hajara, alikuja langoni kila Ijumaa baada ya swala, na kikapu. Tulikuwa tumeagizwa kusema kwamba mtu huyo hayupo. Nilisema hivyo, usoni kwake, nikachukua kikapu. Baada ya kitambo nilimrudishia kikiwa kitupu, naye akakitazama, akanitazama, akaondoka bila swali. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yao. Kwenye ukurasa wa arobaini na moja nilikuwa naweka kistari: mke amekuja, chapati na maharage. Niliona aibu kila mara, na sikuacha kumwambia uongo ule.

Ndani, Siraji alipewa cherehani katika karakana, nyuma ya jiko, arekebishe sare zetu. Alizirekebisha vizuri kuliko zilivyostahili. Akimaliza za kwetu aliwashonea wenzake viraka kwa mabaki ya nguo. Sajini Wandera alistaafu mwaka huo akarudi kwao Busia, nikabaki na daftari peke yangu.

Halafu vita ikafika. Hapa ndipo kumbukumbu yangu inapokuwa nguo iliyoliwa na panya. Nakumbuka mizinga kutoka upande wa mto. Nakumbuka mkuu wa gereza akiingia garini na kusema anakwenda mkutanoni, kisha asirudi. Nakumbuka siku tatu bila posho, yaani ugali, wafungwa wakipiga sahani kwenye mlango, na wanajeshi waliokuwa wakikimbia wakipita langoni kwetu kutafuta nguo za kiraia. Nakumbuka nikikaa sakafuni mapokezi nikiwa na funguo zote kwenye mapaja. Ya katikati ya hayo siyajui.

Askari wa Tanzania walipoingia mjini, siku chache baadaye tukaletewa mkuu mpya wa kwetu wa Uganda, mtu wa haraka. Alitaka majina ya wote walioletwa bila hati, kwa saa moja, maana hao wangeachiwa mara moja. Wengine wangepakiwa kwenye lori hadi gereza jingine wakachunguzwe upya. Ningefungua yaliyomo, kama nilivyofundishwa, ningeona kurasa zote zinazohusika. Sikufungua. Nilipekua mradi mkono unakwenda, nikaangukia ukurasa mmoja wenye majina tisa, nikayanakili yote tisa kwa karatasi ya kaboni, nikabaki na nakala. Majina yakasomwa uani. Wanaume tisa wakatoka kwa miguu yao, mmoja akicheka peke yake. Mchana huo lori likawachukua waliobaki. Tulisikia habari nyingi juu ya safari ya lori lile, na hakuna zilizofanana.

Wiki hiyo hiyo nikahamishiwa Mbale. Nilinunua daftari jipya kwenye duka la jumla karibu na stendi ya mabasi, nikapanga chumba Namakwekwe, nikakaa kitandani kuhamisha nukta zilizo wazi, kutoka nyuma kuja mbele. Kurasa za mwisho ishirini hazikuwa na kitu. Nikaja hamsini na kitu, arobaini na kitu. Nikafika arobaini na moja.

Uliza, Siraji fundi. Nukta wazi.

Nikachomoa nakala ya kaboni. Siraji hakuwemo kati ya wale tisa. Nikaisoma tena kana kwamba jina lingeota. Nilikuwa nimempandisha lori mtu ambaye hakuandikwa popote duniani ila kwangu mimi. Nilikomea hapo. Nusu ya mwanzo ya daftari sikuihamisha kabisa, sikuwa na moyo huo, nikalitupa chini ya sanduku.

Niliandika barua Jinja, haikujibiwa. Vizuizi vya barabarani vilipopungua nilikwenda mwenyewe. Pale gerezani nilikuta sura mpya, nao hawakujua fundi wala cherehani. Nyumbani kwa Siraji walikaa watu wengine, wakasema Hajara alikwenda kwa ndugu zake, wapi hawajui. Nikavuka hadi Busia kwa Sajini Wandera, aliyekuwa amelala mkekani na kifua kibovu. Nilimweleza nikilia, sioni haya kusema.

"Nukta iko wazi?" akauliza.

"Iko wazi, afande."

"Basi beba."

Nimeibeba zaidi ya miaka thelathini. Kila mwanzo wa mwezi, daftari baada ya daftari: Uliza, Siraji fundi. Ilipita vita nyingine, ng'ombe wa baba wakaporwa wote Teso, nikaoa, nikazika, serikali ikabadilika, mji ukapata rangi mpya. Mke wangu Apio aliliona jina hilo akashuku.

"Huyu Siraji ni nani, kila mwezi yeye tu?"

"Ni fundi cherehani."

"Mbona hashoni?"

Maadamu daftari linasema uliza, nilikuwa nauliza. Sijapita penye cherehani mji huu mzima bila kusimama. Mafundi wa mtaa wa Namatala walinizoea, wakawa wakiniona nakuja wananiambia hapana kabla sijafungua mdomo. Wenzangu kazini walidhani napenda nguo.

Mwezi uliopita, wiki yangu ya pili ya kustaafu, nilipeleka suruali Namatala kupunguzwa kiuno. Fundi alikuwa mgeni pale, nikamwuliza kama ninavyouliza wote.

"Siraji?" akasema, pini zikiwa mdomoni. "Iko mzee moja, alihamia Namakwekwe juzi tu, nashona kanzu. Yeye nasema serikali ilifunga yeye Jinja juu ya suruali."

Namakwekwe, mtaa wangu. Nilipanda boda boda kwa safari ambayo mtu anaweza kutembea. Nyuma ya maduka ya mahindi kulikuwa na kibaraza, na kibarazani mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akikata mkono wa kanzu. Nilimjua kwa namna alivyoshika mkasi. Nilisimama mbele yake nikasema yote kwa mkupuo: kwamba mimi ni Opolot wa mapokezi Jinja, kwamba ndimi niliyesahau jina lake kwenye orodha, kwamba akipenda anipige.

Aliinua miwani. Akaanza kucheka, kile kicheko cha wazee kisicho na sauti.

"Banange, afande! Wewe nasema nini? Si wewe ndiyo alitoa mimi?"

"Hapana, mzee. Yalisomwa majina tisa tu, wewe hukuwemo."

"Hiyo ya kusoma majina mimi sikuona. Mimi nilikuwa nimekwenda zamani." Akaweka mkasi chini. "Asubuhi, bunduki nalia huko kwa mto. Wewe alikuja karakana. Uliuliza jina yangu mara mbili, na unajua mimi. Ukaandika karatasi. Ukasema, pita mlango ya takataka, wakikusimamisha onyesha hii. Mimi nilitembea na miguu mpaka Iganga. Hajara alinifuata huko. Basi, tumezaa sita."

"Umenichanganya na mtu mwingine."

Aliingia ndani akatoka na kopo la vifungo, akavimwaga kwenye kanzu, na chini kabisa kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwache apite, ni fundi wa magereza. Karani Opolot. Mwandiko ni wangu, hata ile k yangu yenye mguu mrefu. Pembeni, ndani ya duara, namba sitini na tatu.

Niliishika nikitafuta ndani ya kichwa changu mlango wa karakana, asubuhi ile, uso wake. Sikukuta kitu. Hadi sasa ninapoandika haya sikumbuki. Na kama nilimtoa, kwa nini sikuweka msalaba kwenye nukta yake? Niliogopa kuacha ushahidi, au funguo zilinishughulisha, au nilikuwa nimekwisha kuwa kichaa kidogo? Mtu anaweza kujutia kwa miaka thelathini dhambi ambayo hakuitenda, na wema wake mwenyewe asiutambue hata akiwekewa mkononi? Nilifurahi, jamani, nilifurahi sana, huku nikihisi nimeibiwa kitu nisichokijua.

Nilirudi nyumbani nikavuta sanduku. Daftari la Jinja lilifunguka lenyewe penye arobaini na moja, kama kawaida yake. Safari hii nikafuata namba kuelekea mwisho: sitini na moja, sitini na mbili, sitini na tano. Kweli nilichana. Apio aliniona nacheka akauliza kama ni ile pensheni.

Kisha nikamkumbuka Sajini Wandera na kikombe chake cha chai. Ukichana hii ya huku, ile ya huku naanguka.

Nikarudi upande wa mwanzo. Kumi na tano, kumi na sita, kumi na tisa.

Ikabidi nifungue yaliyomo, miaka thelathini baada ya wakati wake. Mwandiko wangu wa ujana, safi, wa kujivunia: Waliokuja bila karatasi, kurasa 17, 29, 41. Arobaini na moja ni Siraji. Ishirini na tisa ni wale tisa, nimelinganisha na nakala ya kaboni jina kwa jina. Ya kumi na saba, mwenzake wa sitini na tatu, lazima ilianguka siku zile zile, pengine kwenye sakafu ile ya mapokezi, na hakuna mtu aliyesomewa jina kutoka humo. Wote walipanda lori.

Sijui walikuwa wangapi. Namkumbuka mmoja aliyefungwa kitambaa sikioni, na mwingine aliyeniuliza saa kila nilipopita. Majina yao niliyaandika ili nisilazimike kuyakumbuka.

Kesho yake nilirudi kwa Siraji na daftari jipya, la kustaafia, kurasa zote themanini zimekwisha kupigwa namba. Nilimwonyesha pengo. Nilimwuliza walikuwa nani, wale waliomtangulia selo.

Alikusanya vifungo kimoja kimoja.

"Majina hapana, afande. Watu walikuwa naogopa kutaja majina." Kisha akasema, "Lakini nguo yao mimi nilishona. Kaa chini. Fungua hiyo kitabu."

Basi Nambozo, maelekezo unayo. Tia namba kabla ya kuandika. Fungua yaliyomo hata ukiwa na haraka, hasa ukiwa na haraka. Usichane karatasi, na ukilazimika kuichana, nenda ukamtafute mwenzake kabla hujafanya jambo jingine. Msalaba wa Siraji nimeuchora mbele yake. Na kwenye ukurasa wa kumi na saba wa daftari jipya kuna mistari minne, kila mmoja na nukta yake.

Shati la kijani, kola imegeuzwa. Suruali ya kaki, goti la kushoto lina kiraka cha bluu. Koti la kijivu la mtu mnene aliyekonda, limepunguzwa pande zote mbili. Kanzu ya mtu mrefu sana, mfuko wa ndani umeshonwa kwa uzi mwekundu kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha.

Kama kwenu kuna aliyeondoka na nguo hizo asirudi, mwulizeni Nambozo. Anajua ninapokaa.